Yai, kiwavijeshi na mafuta ya papa: safari ndefu ya chanjo ya mafua hadi Mtoni

Kipupwe kikiingia, huhitaji kalenda kujua. Panda daladala ya 502 asubuhi hapa Unguja, kutoka Bububu kwenda Darajani, na ikifika Mtoni utakuwa umeshasikia vikohozi vya kila namna: kikavu cha mvulana wa skuli, kizito cha mzee aliyekaa nyuma ya dereva, na chafya za mtoto mchanga aliyefunikwa kanga hadi puani. Hakuna anayeshtuka. "Ni mafua tu," tunasema, na hilo neno "tu" ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Wiki hiyo hiyo nilisimama kwenye foleni ya duka la dawa, pembeni mwa barabara kuu. Mbele yangu alikuwa mama mmoja na mtoto wa mwaka mmoja na kitu, kamasi zimemkauka hadi mdomoni, macho mazito. "Ana homa tangu juzi, kakaangu, na hataki kula," alisema. "Malaria nimeshampima, hana." Muuzaji hakuuliza zaidi. Alitoa chupa ya antibayotiki, ile ya unga inayochanganywa na maji, akaandika juu ya boksi: mara tatu kwa siku. Mama akafungua fundo la kanga, akahesabu noti, akaondoka. Wote wawili walikuwa na nia njema. Lakini ikiwa mtoto yule alikuwa na kirusi cha homa ya mafua, na kwa dalili zile inawezekana sana, dawa ile haikuwa na lolote la kumfanyia. Antibayotiki huua bakteria. Kirusi haikigusi.

Sisemi kwa kubahatisha. Mwaka 2011 watafiti walifuatilia watoto 677 wa chini ya miaka mitano waliofikishwa na homa katika kituo cha afya hapa Unguja. Malaria, ambayo wazee wetu waliishi nayo kama jirani, karibu haikuonekana kabisa. Vilivyotia fora ni virusi vya njia ya hewa, na kirusi cha homa ya mafua kilikuwa mstari wa mbele. Takriban robo tatu ya watoto wale walipewa antibayotiki; waliozihitaji kweli, hesabu ilipopigwa baadaye, walikuwa kama mmoja katika kila watano. Upande wa bara, utafiti wa watoto 1,005 wa Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha sura ile ile: zaidi ya nusu ya watoto wenye homa walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na mengi yalikuwa ya virusi.

Zanzibar imefanya kazi ya kujivunia kuisukuma malaria hadi chini ya asilimia 1. Sasa kazi hiyo imetuachia swali ambalo zamani lilikuwa limejificha nyuma ya mbu: hizi homa zilizobaki ni za nini, na tunazifanyia nini?

Kwanza tutofautishe mambo mawili ambayo lugha yetu imeyafunga katika neno moja. Mafua ya kawaida, ya pua kuziba na sauti kukwaruza, huletwa na virusi vya aina nyingi na hupita yenyewe. Homa ya mafua, ambayo wataalamu huiita influenza, ina kirusi chake maalumu. Hiyo humwangusha mtu ghafla: asubuhi mzima, jioni hawezi kuinua kichwa, viungo vyote vinauma kama aliyebeba magunia bandarini. Wengi wetu hupona ndani ya wiki moja kwa mapumziko, chai ya tangawizi na mchaichai, asali na ndimu. Sina ugomvi na tangawizi, hutuliza koo. Ila duniani kote, kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, homa hii huua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa matatizo ya kupumua, na wanaokufa ni wale wale siku zote: watoto wachanga, wazee, wajawazito, wenye kisukari, pumu na maradhi ya moyo. Kirusi hukwangua njia ya hewa, kisha nimonia huingia kwenye mlango uliokwisha kufunguliwa.

Ufukweni Mtoni bado yamesimama magofu ya kasri la Sultani Sayyid Said, alipozaliwa bintiye, Bibi Salme, mwaka 1844. Wengi wanaijua safari yake hadi Ujerumani. Wachache wanakumbuka kwamba alifariki mjini Jena Februari 1924, akiwa na miaka 79, kwa nimonia kali. Chanzo cha nimonia ile sikijui na sidai kuwa ni homa ya mafua. Namtaja kwa sababu mwaka ule hapakuwa na mtu yeyote duniani, mtoto wa mfalme wala wa mchukuzi, aliyeweza kuchanjwa dhidi ya homa ya mafua. Kirusi chenyewe kilikuwa hakijajulikana. Miaka sita nyuma, Septemba 1918, gonjwa lile kubwa la mafua lililozunguka dunia lilikuwa limeingia Mombasa kwa meli, likapanda garimoshi kwenda bara, na Kenya peke yake inakadiriwa kupoteza watu 150,000. Madaktari wa wakati ule walidhani wanapambana na bakteria.

Kirusi kilikamatwa London mwaka 1933. Wilson Smith, Christopher Andrewes na Patrick Laidlaw walichukua maji ya koo la mgonjwa wakayatia puani mwa mnyama mdogo mfano wa cheche, naye akaugua homa na kupiga chafya. Baada ya hapo ikagundulika kwamba kirusi hiki kinastawi vizuri ndani ya yai la kuku lenye kiinitete. Huko Marekani Thomas Francis na Jonas Salk wakatengeneza chanjo ya kirusi kilichouawa, wanajeshi wakachanjwa mwaka 1945 na raia mwaka uliofuata. Yai lile halijaondoka mezani hadi leo.

Mimi mwenyewe chanjo hii niliipata Muscat, Oktoba 2024, nilipokwenda kumtazama shangazi yangu. Kwao chanjo ya mafua ni jambo la msimu, kama sisi tunavyojua msimu wa maembe. Wazee wa mtaa walikuwa wanaulizana, "Ushachoma?" Nikalipa katika zahanati ya binafsi, nikachomwa begani nusu mililita, na ile karatasi ya maelezo iliyokuwamo ndani ya boksi nikaikunja nikaitia kwenye pasipoti. Ninayo mbele yangu ninapoandika. Katikati ya maandishi madogo kuna mistari mitatu: A/Victoria/4897/2022 (H1N1)pdm09, A/Thailand/8/2022 (H3N2), B/Austria/1359417/2021.

Isomeni kama anwani ya barua. Herufi ya mwanzo ni kabila la kirusi, A au B. Jina linalofuata ni mahali kilipochukuliwa kwa mgonjwa, kisha namba ya maabara, kisha mwaka. Kwa hiyo mtu mmoja aliugua jimbo la Victoria huko Australia, mwingine Thailand, mwingine Austria, na makohozi yao watatu ndiyo yaliyozaa kinga iliyoingia begani kwangu mjini Muscat. Mimi karatasi hii inanigusa kuliko hotuba nyingi nilizosikia kuhusu ushirikiano wa mataifa.

Anwani hizo hubadilika. Kirusi cha homa ya mafua ni mjanja wa kubadili nguo: kinga uliyoijenga mwaka jana inamtafuta mtu wa kanzu nyeupe, naye mwaka huu amevaa shati la maua. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limekuwa na mtandao wa maabara tangu 1952, na wataalamu wake hukutana mara mbili kwa mwaka, Februari kuchagua virusi vya chanjo ya nchi za kaskazini mwa dunia na Septemba kwa nchi za kusini. Kutoka siku ya uchaguzi hadi boksi kufika sokoni ni kiasi cha miezi sita. Kwa miaka kadhaa chanjo nyingi zilibeba virusi vinne. Halafu ukoo mmoja wa kabila B, ulioitwa Yamagata, haukuthibitishwa tena popote baada ya Machi 2020, wakati dunia ilipojifungia kwa sababu ya korona. Septemba 2023 wataalamu wakasema hauna tena sababu ya kuwekwa. Ndiyo maana karatasi yangu ina mistari mitatu.

Sasa tuje kwenye aina zenyewe na wanaozitengeneza, kwa sababu hapa ndipo msomaji hubabaishwa. Atasikia Vaxigrip, Fluarix, Influvac, Fluad, adhani ni dawa tofauti za maradhi tofauti. Zote zinapigana na kirusi kile kile. Kinachotofautiana ni jikoni.

Jiko la kwanza na kubwa kuliko yote ni la mayai. Yai la kuku lenye umri wa siku tisa hadi kumi na moja hutobolewa tundu dogo, kirusi kikatiwa ndani, yai likarudishwa kwenye joto. Baada ya siku mbili au tatu maji yake yamejaa virusi. Yananyonywa, virusi vinauawa kwa kemikali, vinavunjwavunjwa na kusafishwa, na kinachobaki ni zile protini za juu ya kirusi ambazo mwili unahitaji kuzitambua. Dozi ya kawaida ina mikrogramu 15 za protini kuu miongoni mwa hizo kwa kila aina ya kirusi. Hesabu ya kale ya viwanda ni kama yai moja kwa dozi ya aina moja. Fikiria basi mabanda ya kuku yanayohitajika kwa mamilioni ya watu. Sanofi ya Ufaransa hutengeneza hivi Vaxigrip na Fluzone. GSK ya Uingereza ina Fluarix na FluLaval. CSL Seqirus, yenye asili ya Australia, ina Afluria. Influvac hutoka Uholanzi. Sinovac ya China ina Anflu, na India ina viwanda vyake, Zydus kikiwamo. Ukikutana na chanjo ya mafua katika duka au kliniki ya Afrika Mashariki, uwezekano mkubwa ni ya jiko hili.

Jiko la pili halina yai. Kampuni hiyo hiyo ya Seqirus hukuza kirusi katika seli ndani ya matangi makubwa ya chuma, huko Holly Springs, jimbo la North Carolina, na chanjo yake huitwa Flucelvax. Faida yake ni kwamba kirusi kikikuzwa ndani ya yai huweza kujigeuza kidogo ili kizoee maisha ya kuku, na mabadiliko hayo yakaifanya chanjo isifanane sawasawa na kirusi kinachotembea mitaani.

La tatu ndilo lililonifanya niweke kalamu chini nitafakari. Chanjo ya Flublok, ya Sanofi, haitumii kirusi cha mafua kabisa. Wataalamu huchukua maelekezo ya kinasaba ya ile protini kuu tu na kuyatia ndani ya seli za mdudu, na seli hizo huitengeneza protini kwa wingi. Mdudu mwenyewe ni Spodoptera frugiperda. Wakulima wa mahindi wanamjua bila jina la Kilatini: ni kiwavijeshi vamizi, yule aliyeingia Tanzania mwaka 2017 na kula mashamba hadi kitovu cha mmea. Adui wa ghala letu ameajiriwa kutengeneza kinga. Chanjo hiyo iliidhinishwa Marekani mwaka 2013, wakati huo ikiwa ya kampuni ndogo iliyoitwa Protein Sciences, ambayo Sanofi iliinunua mwaka 2017.

Kwa wazee kuna mapishi mawili ya ziada, kwa kuwa mwili uliozeeka haujibu chanjo kwa nguvu za ujana. Moja ni kuongeza kipimo: Fluzone ya dozi kubwa ina mikrogramu 60 badala ya 15, na jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2014 lilionyesha kwamba kwa watu wa miaka 65 na zaidi iliwakinga kwa asilimia 24 zaidi ya ile ya kawaida. La pili ni kutia kichocheo kinachoamsha kinga. Fluad, iliyoidhinishwa Italia mwaka 1997 na ambayo sasa ni ya Seqirus, ina matone madogo sana ya mafuta yaitwayo skwalini, na kwa miaka mingi chanzo chake kimekuwa ini la papa. Fundi wa majahazi wa Nungwi akisikia hivyo atatabasamu. Sifa, mafuta ya papa yanayonuka hadi mtaa wa pili, ndiyo yaliyolinda mbao za vyombo vyetu karne na karne. Kumbe yakisafishwa barabara yanalinda na mapafu ya wazee.

Na ipo isiyo na sindano. FluMist, ambayo Ulaya huitwa Fluenz, ni ya AstraZeneca na ilianza kutumika Marekani mwaka 2003. Ina kirusi hai kilichodhoofishwa, kikapuliziwa puani. Kimezoeshwa baridi, kwa hiyo kinaishi kwenye pua lakini hakiwezi joto la mapafuni. Taasisi ya Serum ya Pune, India, nayo ina yake, Nasovac, iliyotokana na mbegu ya kirusi kutoka St. Petersburg. Inafaa watoto wakubwa kidogo, kuanzia miaka miwili. Wajawazito na wenye kinga dhaifu hawapewi.

Najua swali linalofuata, kwa sababu niliulizwa barazani kabla sijamaliza kueleza. Je, ni halali? Ile ya pua ya AstraZeneca ina jelatini ya nguruwe, na ndugu zetu wa Uingereza wamekuwa wakilijadili jambo hilo tangu watoto wa skuli huko walipoanza kupewa mwaka 2013. Seli za Flucelvax nazo chimbuko lake ni figo la mbwa mmoja, lililochukuliwa mwaka 1958 na kukuzwa maabara tangu hapo. Haya yasemwe waziwazi. Kuyaficha ndiko kunakozaa uvumi. Lakini yasemwe pamoja na mengine. Mwaka 1995 zaidi ya wanazuoni mia moja wa sheria ya Kiislamu walikutana Kuwait chini ya jumuiya ya Kiislamu ya sayansi za tiba, na wakaona kwamba kitu kilichogeuka asili yake, kama jelatini iliyobadilishwa kutoka hali yake ya kwanza, kinaruhusiwa. Na asiyeridhika na hilo hana haja ya kujisumbua: chanjo za kawaida za sindano zinazokuzwa kwenye mayai hazitumii seli hizo, na nyingi hazina jelatini hiyo. Amuulize mchanjaji, asome karatasi ya ndani ya boksi. Ni haki yake.

Je, inafanya kazi? Inafanya, ila si ngome. Mwaka ambao virusi vilivyochaguliwa vimelingana na vinavyotembea, hupunguza kwa asilimia 40 hadi 60 uwezekano wa mtu kuugua hadi kufika kwa daktari. Mwaka mwingine hupungua chini ya hapo. Aliyechanjwa akiugua, mara nyingi huugua kwa wepesi zaidi. Kinga huchukua kama wiki mbili kujengeka, na hufifia, kwa hiyo inarudiwa kila mwaka. Mtoto wa chini ya miaka tisa anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji dozi mbili, wiki nne zikipita katikati. Wa chini ya miezi sita hachanjwi kabisa, na hapa pana jambo la kulisimamia: kinga yake hutoka kwa mama. Mama akichanjwa akiwa mjamzito, hupitisha kinga kwa mtoto tumboni. Tangu 2012 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani wamewaweka wajawazito mbele katika nchi zinazoanza au kupanua chanjo hii.

Turudi Mtoni. Chanjo ya homa ya mafua haimo katika ratiba ya taifa ya chanjo. Kadi ya kliniki ya mtoto ina kifua kikuu, polio, ya kuharisha, surua, na ile ya kichomi ambayo ni hazina kubwa dhidi ya nimonia ya bakteria. Ya mafua haimo. Huipata anayeweza kulipa, katika baadhi ya hospitali binafsi na kliniki za wasafiri. Kenya kamati yake ya wataalamu ilipendekeza mwaka 2016 kuwachanja watoto wa miezi 6 hadi 23, lakini kutoka pendekezo hadi bega la mtoto ni safari nyingine.

Vizuizi vipo vya kweli. Cha kwanza ni msimu. Ulaya kirusi huja majira ya baridi, watu wakachanjwa kabla. Kwetu hutembea mwaka mzima, na kilele chake hakina miadi. Tena sisi ni kisiwa cha wageni: mwaka 2024 Zanzibar ilipokea watalii zaidi ya 700,000, na wale wa Desemba na Januari hutoka moja kwa moja kwenye baridi yao. Cha pili ni ubaridi. Chanjo hii hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, ikiganda inaharibika, ikipata joto inaharibika. Umeme wetu hutoka bara kwa waya wa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, kisha huja hapa hapa Mtoni kwenye kituo kikuu cha kuupokea. Tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 waya wa zamani ulipokuwa mbovu, Unguja ilikaa gizani miezi mitatu, na friji zilizobaki baridi ni za wenye jenereta. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013. Hata hivyo, aliyewahi kuona samaki wa wiki nzima akioza ndani ya friji anaelewa kwa nini mpango wa chanjo huanzia kwenye umeme.

Cha tatu, nacho ndicho kinachoniuma, ni kwamba hatutengenezi. Afrika huagiza kutoka nje karibu asilimia 99 ya chanjo zake. Kila jina la kiwanda nililolitaja hapo juu liko mbali na sisi. Siku gonjwa jipya la mafua likizuka, kila nchi yenye kiwanda itawachanja watu wake kwanza, kama tulivyoona wakati wa korona. Na wala si lazima uwe tajiri kupindukia. Vietnam ilijenga kiwanda, ikafuga kuku wake wa mayai, na mwaka 2019 ikapata kibali cha chanjo yake yenyewe ya mafua. Taasisi ya Butantan mjini São Paulo huhudumia Brazil kwa makumi ya mamilioni ya dozi kila mwaka. Umoja wa Afrika umejiwekea lengo la kutengeneza asilimia 60 ya chanjo zake ifikapo 2040. Afrika Mashariki ina vyuo, ina mafundi, ina kuku.

Lakini hatuna haja ya kusubiri 2040 kuanza kuchanja. Njia tayari tunayo, na kila mwaka tunaitumia. Hujaji wa Unguja na Pemba hapandi ndege bila chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Anapangiwa siku, anachomwa, kadi inagongwa muhuri. Saudi Arabia inapendekeza pia chanjo ya mafua, na aliyewahi kulala Mina kwenye hema la watu wengi anakijua kikohozi cha Hija. Wengi wa mahujaji wetu ni wazee walioweka akiba maisha yao yote. Sindano ya pili siku ile ile, meza ile ile, friji ile ile, ni gharama inayobebeka, na serikali pamoja na taasisi za Hija zinaweza kuigawana.

Baada yao wafuate wahudumu wa afya, wanaokoholewa usoni kutwa nzima kisha wakainama juu ya vichanga. Halafu wajawazito, ambao tayari wanahudhuria kliniki na tayari wanachomwa ya pepopunda. Makundi hayo matatu hayahitaji jengo jipya hata moja. Naiomba Wizara ya Afya ya Zanzibar iliweke jambo hili kwenye bajeti, hata kwa wilaya moja ya majaribio. Magharibi A inafaa: ina mji na shamba, ina kliniki zenye foleni, na ina Mtoni.

Nawe msomaji, mtoto akishikwa na homa na kikohozi, mpime malaria, mpe maji mengi, na umuulize mhudumu kama antibayotiki inahitajika kweli kabla ya kufungua fundo la kanga. Akipumua kwa kasi, mbavu zikibonyea au akikataa kunyonya, mkimbize hospitali usiku huo huo. Na ukiwa na safari ya Hija au ya kwenda kwenye baridi, chanja angalau wiki mbili kabla ya kuondoka, na karatasi iliyomo ndani ya boksi usiitupe.